Askari kanzu na nuksi: Upelelezi na mambo ya ghaibu katika hadithi za Pwani

KATIKA Kiswahili cha Pwani, polisi afanyaye upelelezi akiwa amevaa nguo za kiraia huitwa askari kanzu. Jina lenyewe laeleza kazi yake. Mtu huyu huvua sare na kuvaa vazi la kila mtu, ili apite sokoni, barazani na kivukoni bila kutambuliwa.

Neno la pili ambalo wakazi wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa ni nuksi. Mwenye nuksi ni yule ambaye kila akishikacho huharibika na kila aendako hukuta mlango umefungwa.

Maneno haya mawili yanapokutana huzaliwa aina ya hadithi ya kusisimua inayopendwa sana: hadithi ya mpelelezi wa siri aandamwaye na mikosi isiyoelezeka, hata yeye mwenyewe akaanza kushuku kwamba anapambana na kitu kisichokuwa binadamu. Makala haya yanaeleza asili ya hadithi hiyo katika fasihi ya Kiswahili, na sababu za kuifanya iwe na uzito wa pekee katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, nje ya kisiwa cha Mombasa.

Nuksi ni nini?

Kiswahili kina msamiati mpana wa bahati mbaya. Mkosi ni tukio baya limpatalo mtu. Kisirani ni ubaya unaomfuata mtu, au mtu mwenyewe anayewaletea wenziwe ubaya huo. Nuhusi hutajwa zaidi na wajuzi wa falaki, ambao huzigawa siku na saa katika njema na mbaya. Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano, yaani mwezi wa Safar, ni mojawapo ya siku ambazo wazee wengi wa Pwani walizihesabu kuwa nzito, wakaepuka kuanza safari au shughuli mpya. Ndege mbaya ni ishara ya shari ijayo, na sauti ya bundi juu ya paa hutajwa mara nyingi kuwa ishara ya namna hiyo.

Tiba nazo zina majina yake. Kuna hirizi ya kuvaliwa, kombe la kunywewa baada ya aya zilizoandikwa kwa zafarani kuoshwa sahanini, ubani wa kufukizwa, na bao la kupigwa ili ijulikane nani ametenda nini. Huko Pwani zimo pia kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ambayo baadhi yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka wa 2008. Upande wa kisiwa unaotazamana na Likoni umesimama Mnara wa Mbaraki, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakipeleka hapo ubani na marashi kuomba haja zao.

Kwa hiyo mtunzi wa hadithi ya kusisimua mjini Mombasa hahitaji kubuni ulimwengu wa ghaibu. Wasomaji wake tayari wanaujua, wawe wanauamini au hawauamini.

Bwana Msa aingia mzimuni

Msingi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili uliwekwa na Muhammed Said Abdulla, mwandishi na mhariri wa magazeti aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1918 na kufariki mwaka wa 1991. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka wa 1957 na 1958, ikachapishwa kitabu mwaka wa 1960. Humo msomaji alikutana kwa mara ya kwanza na Bwana Msa, mwenye kiko chake mkononi, pamoja na rafiki yake Najum na afisa wa polisi, Spekta Seif.

Jina la kitabu ndilo ufunguo wake. Mauaji yanahusishwa na mahali pa mizimu ambapo watu wanapaogopa, na hofu hiyo inatosha kuwazuia wengi wasiulize maswali. Bwana Msa hawadhihaki waumini wa mzimu. Yeye huuliza tu maswali ambayo mzimu hauwezi kuyajibu: marehemu alionekana wapi mara ya mwisho, nani alikuwa na ugomvi naye, nani atanufaika.

Njia hiyo iliendelea katika Kisima cha Giningi cha mwaka wa 1968. Katika masimulizi ya Zanzibar, Giningi ni makao ya wachawi. Baadaye zikafuata riwaya nyingine, zikiwemo Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na, mwaka wa 1984, Kosa la Bwana Msa. Jina la riwaya hiyo ya mwisho lakumbusha kwamba hata mpelelezi hodari si malaika.

Wahakiki wengi wamemfananisha Bwana Msa na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na mfano huo una mafunzo. Katika The Hound of the Baskervilles, kitabu cha mwaka wa 1902, ukoo mmoja waaminika kuwa umelaaniwa na kuandamwa na mbwa wa kuzimu. Holmes agundua kwamba mbwa huyo ana mwenyewe, naye ni mtu anayetamani urithi. Ajabu ni kwamba Conan Doyle mwenyewe aliamini mawasiliano na roho za wafu, na mwaka wa 1922 alitoa kitabu cha kutetea picha za vibwengo zilizopigwa na wasichana wawili wa Uingereza. Aliamini mizimu nyumbani kwake, lakini hakumruhusu Holmes kuiandika katika hati ya mashtaka.

Kutoka kachero hadi jasusi

Baada ya Abdulla, upelelezi ulihamia mijini na kuongeza kasi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka wa 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, akamrejesha katika Kikosi cha Kisasi mwaka wa 1979. Gamba ni jasusi, mtu wa majina ya bandia na safari za siri. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka wa 2008, alimuumba Joram Kiango, ambaye mojawapo ya visa vyake chaitwa Salamu Kutoka Kuzimu.

Katika riwaya hizi hatari huletwa na bastola na njama zaidi kuliko mizimu. Hata hivyo, watunzi wake waliendelea kuazima maneno ya kuzimu, shetani na nunda, kwa kuwa walijua hofu ya msomaji imelala wapi.

Mkondo mwingine uliyachukua mambo ya ghaibu na kuyafanya kioo cha siasa. Said Ahmed Mohamed aliirudia Giningi katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi ya mwaka wa 1990, na katika riwaya ya Babu Alipofufuka ya mwaka wa 2001 marehemu anarudi kumwonyesha mjukuu wake uoza wa nchi. Hapa mzimu haufichi jinai kama ule wa Abdulla. Wenyewe ndio unaoifichua.

Likoni, Kisauni na Changamwe

Mitaa hii mitatu ina kila kinachohitajiwa na hadithi ya namna hiyo. Changamwe ni lango la bandari na reli, na hapo ndipo kilipo kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka wa 1963 na kuacha kusafisha mwaka wa 2013. Upande wa Kisauni uko Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari mnamo 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, pamoja na kengele yake iliyokuwa ikiwaonya wakazi dhidi ya hatari. Likoni ina kivuko, mahali ambapo mtu anayefuatwa hawezi kukimbia wala kugeuka nyuma mpaka chombo kitie nanga.

Lakini mitaa hiyo ina pia kumbukumbu zinazoonyesha hatari ya kuiachia nuksi lawama zote. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama karibu na ufuo na watu 272 wakafa. Aliyefiwa ana haki ya kuiita siku hiyo ya balaa. Ila chombo kilichojengwa kwa abiria 300 kilikuwa kimebeba takriban 400, na idadi hiyo haikuandikwa na jini.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kibanda cha polisi kivukoni. Polisi 6 waliuawa na zaidi ya bunduki 40 zikaibwa. Katika ghasia zilizofuata, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha na wengine wapatao 100,000 wakayahama makwao. Uchunguzi uliofuata, ukiwemo ule wa Tume ya Akiwumi ambayo ripoti yake ilitolewa kwa umma mwaka wa 2002, uligusia viapo walivyolishwa vijana na dawa walizoambiwa zingewakinga na risasi.

Habari hizo za viapo ndizo zilizosisimua watu. Hata hivyo, shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka wa 2002, lilieleza jambo zito zaidi: kwamba tahadhari kuhusu maandalizi hayo zilikuwa zimewafikia maafisa wa serikali kabla ya usiku ule. Macho yaliyotazama hirizi tu yangeweza kulipita swali hilo.

Sheria yasemaje?

Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka wa 1925. Sheria hiyo inamwadhibu mtu anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi kwa nia ya kuwatia wengine hofu au kuwadhuru. Inamwadhibu pia anayemshutumu mwenziwe kuwa mchawi, isipokuwa shutuma hizo ziwe zimepelekwa kwa polisi, chifu au mkuu mwingine wa serikali.

Mwaka wa 1941, katika kesi ya Fabiano Kinene iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla, kwa sababu ya kitendo alichokiona mbele yake na kuamini kwa dhati kuwa ni uchawi, aweza kupunguziwa kosa kutoka mauaji ya kukusudia. Kuamini uchawi peke yake hakukuwa utetezi.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Katika kaunti jirani ya Kilifi, wazee wameuawa mara kwa mara kwa kisingizio kwamba wanaroga, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi kama ile ya Kaya Godoma, Ganze. Maafisa wa utawala na watetezi wa haki wamesema tena na tena kwamba nyuma ya shutuma nyingi mna ugomvi wa mashamba na urithi. Ni mbwa yule yule wa Baskerville, mwenye shamba badala ya jumba.

Nuksi yenye ratiba

Turudi basi kwa askari kanzu mwenye nuksi. Sare humkinga polisi, nayo humwonya adui. Aliyeivua amebaki na siri yake tu. Kila mtego autegao waambulia patupu. Nyumba aliyoelekezwa imehamwa saa moja kabla. Gari laharibika usiku ule ule wa shehena kupita. Aliyempa habari aokotwa ufuoni akiwa maiti. Jamaa zake wamshauri aende akaogeshwe, naye aanza kukubali.

Hapo ndipo mtunzi mzuri anapojulikana. Yule dhaifu humwacha jini alete mkosi, kisha jini huyo huyo aumalize. Mtunzi wa shule ya Abdulla huziweka sababu mbili sambamba, ya ghaibu na ya kibinadamu, na kumpa msomaji ushahidi wa kutosha kuzipima. Kisha humfanya mpelelezi aulize swali moja: ni watu wangapi waliojua?

Bahati mbaya ya kweli haina ratiba. Humpata mtu Jumatatu, ikamwacha Jumanne, ikamrudia mwakani. Nuksi inayofika kila mara saa moja kabla ya msako ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo ana funguo za ofisi ile ile. Wahenga walikwisha kulisema: kikulacho ki nguoni mwako. Kwa askari kanzu, ambaye kazi yake yote imo katika vazi, methali hiyo ni kanuni ya upelelezi.

Ndiyo maana hadithi za aina hii zinastahili heshima zaidi ya ile zinayopewa. Humzoeza msomaji kusimama kidogo baina ya tukio na lawama, kabla jina la jirani au la bibi kizee halijatamkwa. Bwana Msa alifanya hivyo mbele ya mzimu mwaka wa 1960. Kazi hiyo haijamalizika.