Kalibu na Kaliba: Neno Moja, Njia Mbili

Nimewasikia wakosoaji wakilikemea neno "kaliba", wakidai ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mshairi akiandika "mtu wa kaliba yake" huambiwa alifute, aweke "hadhi". Katika miaka yangu ya kufundisha sekondari niliwasisitizia wanafunzi kwamba neno halihukumiwi kwa sura. Huulizwa kwanza limetoka wapi. Leo nalitetea hili kwa historia, na historia yenyewe ni ya risasi.

Risasi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho. Madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia. Ndiyo maana mwenye bunduki wa zamani aliweza kujitengenezea risasi zake: aliyeyusha, akasubu katika kalibu, akangoja zipoe. Kalibu nayo ni neno la Kiarabu, lenye maana ya chombo kinachokipa kitu umbo.

Umbo pekee halikutosha. Risasi ilipaswa kuoana na mtutu. Gobori lilipakiwa kwa mdomoni: baruti, kisha risasi, kisha kushindilia kwa mdeki. Baruti nyeusi huacha masizi mengi. Risasi inayobana iligoma kushuka baada ya milio michache; iliyopwaya iliacha nguvu ya mlipuko ipite pembeni, na shabaha ikapotea. Askari wa Uingereza wa karne ya 18 walikuwa na mtutu wa karibu milimita 19 na risasi ya takriban 17.5. Walichagua wepesi wa kupakia, wakaitoa shabaha kafara. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alileta risasi yenye uvungu kitakoni: iliingia kwa ulaini, kisha mlipuko ukaipanua ikaukamata mtutu.

Kipimo hicho cha mtutu na risasi Wafaransa walikiita "calibre" tangu zamani. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi, walilipata neno hilo kwa Waitaliano, nao Waitaliano kwa Waarabu. Ni kalibu ileile! Moja ilitujia kwa jahazi, nyingine ikazunguka Ulaya kabla ya kubisha hodi kwetu.

Tofauti ya vipimo hivyo ilikuwa na gharama ya damu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa magobori yenye mtutu laini. Basi Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, wapiganaji wengi walikuwa na mikuki na magobori. Tarehe 30 Agosti, huko Mahenge, waliishambulia ngome ya Wajerumani wakakutana na bombomu. Waliamini kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji. Sidai kwamba imani hiyo ilizaliwa kwenye kalibu. Lakini mshairi hawezi kukosa kuona kwamba risasi, kabla ya kuwa risasi, hutiririka kama maji.

Hata leo, wanaojisubia risasi nchini Marekani huanza na kalibu, kisha huisukuma kila risasi katika tundu la chuma ili ipate kipimo kamili, kikubwa kuliko mtutu kwa unywele tu. Wakati wa kuipachika katika ganda, mdomo wa ganda hutanuliwa kidogo kwanza ili usiikwangue. Kalibu hutoa umbo. Kaliba huthibitishwa baadaye.

Hapo ndipo ninaposimama. Tusiyafanye maneno haya mawili kuwa maadui, wala tusilifukuze moja kwa kuwa lilichelewa kufika. Kalibu na itaje kinachotufinyanga: mzazi, chuo, bahari, dhiki. Kaliba na itaje kipimo tunachoonekana nacho tukishatoka humo. Yote mawili yana mizani tatu, na vina vyake ni tofauti, -bu na -ba. Mtunzi mwenye ukwapi na utao wa kupanga ana kazi ya kutosha hapo.