Kisu Dakika Moja, Kidonda Mwezi Mzima

Wazee wa Masasi wakianza kusimulia jando, huanza na ngariba: kisu chake, wepesi wa mkono wake, na mtoto fulani aliyetimua mbio porini. Mimi niliingia jandoni kama mtoto yeyote wa Kiyao, kisha nikawa mganga wa zahanati huku kusini mpaka nikastaafu, na naona ngariba anapewa sifa kuliko kazi yake. Kukata ni dakika moja. Kilichojenga kumbi, yaani kambi ya jando, kikachagua msimu na kuamua mtoto akae huko siku ngapi, ni kidonda.

Angalia msimu wenyewe. Jando lilichezwa baada ya mavuno, kipindi cha Juni hadi Agosti. Ghalani kulikuwa na chakula cha kulisha watoto wasiofanya kazi, mvua zimekatika, na kuna baridi, kwa hiyo jasho kidogo. Imani kwamba baridi husaidia kidonda haikuwa ya kusini peke yake. Mwaka 2010 mkoani Iringa, kampeni ya tohara ya kujikinga na Ukimwi ilihudumia watu zaidi ya 10,000 kwa wiki 6, na ilipangwa miezi ya baridi. Watu wa kule nao walikuwa wakisema kidonda cha baridi hupona upesi.

Ngariba akishaondoka, kumbi lilikuwa la kungwi, mlezi na mwalimu wetu. Tulilala chali, miguu imetanuliwa, shuka limeinuliwa kwa vijiti lisiguse kidonda. Mtoto akigeukia ubavu usingizini alichapwa kofi la paja arudi chali, asijitoneshe. Asubuhi kungwi alipita kwa kila mmoja, akainama, akanusa. Miaka mingi baadaye, darasani, nilifundishwa dalili za kidonda kinachooza, nikakumbuka kwamba yule mzee alizijua kwa pua kabla usaha haujaonekana.

Vilio hasa vilikuwa siku ya kubandua kitambaa. Damu iliyokauka ilikuwa imekishika, na uzi mmoja ukivutwa unauhisi mpaka kisogoni. Kungwi mzuri alikilowesha kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshiwa magome, akangoja, akalowesha tena, mpaka kikaachia chenyewe, huku wali wengine, yaani watoto wenzake wa kumbini, wakiimba kwa nguvu ili sauti isifike kijijini kwa mama. Kungwi mwenye haraka alikivuta tu. Kwetu walikuwepo wa aina zote mbili.

Sitaki kuyapamba ya zamani. Wengine walipaka majivu kukausha kidonda, na majivu yenye vumbi la chini yanaweza kuingiza pepopunda. Kisu kilikuwa kimoja kwa watoto wote. Halafu kulikuwa na miiko: chakula kisichotiwa chumvi, na wazazi kutokukutana kimwili mpaka mtoto apone. Kidonda cha mmoja kikichelewa, kijiji kizima kilijua nani wa kutazamwa kwa jicho baya, na baba wa watu akaonekana hana subira, kumbe mtoto ameingiwa na uchafu.

Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walipoona waumini wao wanapeleka watoto kumbini kwa siri, walikuwa na njia mbili. Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alifanywa askofu wa kwanza wa Masasi, hakulipiga jando marufuku, alilibatiza. Pamoja na mapadri Waafrika waliolijua kwa undani, aliweka sala mahali pa matambiko ya mizimu, na padri akakaa karibu na wali. Kumbi lilibaki, na kukaa mpaka upone kulibaki. Nadhani ndiyo sababu mpango wake ulipokelewa.

Kilicholiminya jando zaidi ni kengele ya shule. Elimu ya msingi ilipofanywa ya lazima kwa sheria mwaka 1978, jando lililochukua miezi likasukumwa ndani ya likizo ya Juni. Kidonda kisichoshonwa huhitaji wiki nne, hata sita, kwa hiyo shule ilipofunguliwa walikuwepo watoto waliotembea wakichechemea, kaptura wameishika kwa mkono. Mafunzo ya kungwi yalikatwa katikati. Miaka ya themanini Ukimwi ukaleta hofu nyingine, wazazi wakaanza kumpa kila mtoto wembe wake.

Siku hizi zahanati inashona kwa uzi unaoyeyuka, mgonjwa anarudi siku ya pili, kisha ya saba. Mwanamume mtu mzima anaambiwa asikutane na mwanamke kwa wiki 6. Mzee mmoja aliposikia alicheka sana: mwiko wa wazazi leo umekabidhiwa mgonjwa mwenyewe!

Vijiji kadhaa huku vimepatana hivi: watoto wakatwe zahanati, wakapone kumbini. Ugomvi ulikuwa siku ya saba, maana muuguzi ni mwanamke na kumbini mwanamke haingii. Katika kijiji nilichostaafia waliamua wali watoke wenyewe, wamejifunga shuka, wakutane naye chini ya mwembe nje ya mpaka wa kumbi. Kungwi husimama pembeni, na mara nyingi ndiye anayemwambia muuguzi aanze na nani.