Nyimbo Zilizojenga Shule

Leo nazungumza juu ya kwaya ya Fisk ya kule Nashville, Marekani.

Shule ya Fisk ilifunguliwa mwaka 1866 kuwafundisha Weusi waliotoka utumwani. Miaka mitano baadaye madeni yakaikaba koo. Tarehe 6 Oktoba 1871 mhazini wake, George White, akaondoka na vijana tisa kwenda kuimba ili wapate fedha.

Mwanzoni waliimba nyimbo za Kizungu. Nyimbo za wazee wao, zile za mashamba ya pamba, hawakutaka kuziimba hadharani. Ella Sheppard, mpiga piano wao, alieleza baadaye kwamba zilikuwa nyimbo za ibada, tena zenye kukumbusha utumwa. Nami siwalaumu. Nani angependa kukatia tiketi kilio cha mama yake? Isitoshe, watazamaji wa enzi hizo walizoea Wazungu waliojipaka masizi usoni kuwaigiza Weusi, wapate kucheka.

Basi walipozitoa hatimaye, ukumbi haukucheka. Watu walilia. Mwaka 1872 wakamwimbia Rais Grant, na mwaka 1873 wakavuka bahari hadi kwa Malkia Victoria. Fedha zao zikajenga Jubilee Hall, iliyozinduliwa mwaka 1876 na ambayo ingali imesimama.

Lakini huko njiani Marekani, hoteli kadhaa ziliwafungia milango. Waliowapigia makofi jioni hawakukubali kulala nao chini ya paa moja.