Kambale wa Tanganyika anayelelewa mdomoni mwa samaki wengine

Katika ziwa Tanganyika kuko kambale mmoja mdogo, mwenye madoa meusi na ndevu nyeupe. Wataalamu wanamwita Synodontis multipunctatus. Huyu hachungi mayai yake. Anatafuta samaki wa jamaa ya tilapia, wale wanaobeba mayai mdomoni. Jike wa samaki hao akiwa anataga, kambale wanaingia kati kwa haraka, wanakula mayai yake na kuacha ya kwao. Mama anaokota yote. Mayai ya kambale yanaanguliwa mbele, kiisha watoto wao wanakula watoto wa mwenye mdomo, humo humo ndani. Mjapani Tetsu Sato aliandika jambo hilo katika gazeti la Nature mwaka 1986.

Kumzalisha nyumbani

Unahitaji akwariumu ya litre 300 hivi, mawe ya kujificha, maji ya joto la digrii 25 mpaka 27, yenye chumvichumvi za mawe kama yale ya ziwa. Maji ya robine yenye klore yalale kwanza siku nzima ndani ya ndoo. Weka kambale watano ao sita, pamoja na dume mmoja na majike kadhaa wa samaki wabeba-mayai. Jike akifunga mdomo na kukataa kula, ujue amebeba. Mtenge. Watoto wakitoka, wape ndakala iliyosagwa laini kabisa.

Umeme ukikatika, pampu ya hewa inasimama. Chota maji kwa kikombe na kuyamwaga toka juu, tena na tena, mpaka urudi. Na usimshike kambale kwa wavu: miiba yake inanasa, tena inachoma. Tumia chombo.

Usimwage ziwani

Wafugaji wengi wanatumia samaki wa ziwa Malawi ao Victoria, kwa sababu hao wanadanganywa kwa urahisi. Wale wa Tanganyika wamezoea mwizi huyu, wengi wanatema mayai yake. Njo maana hatari iko kubwa kwetu: samaki wabeba-mayai wa Kivu na wa ziwa Edward hawamjui hata kidogo.

Wakaaji wa Bukavu na Goma wanajua sambaza. Zilitolewa Tanganyika, zikawekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Zimelisha watu wengi, lakini ziwa lilibadilika, na hakuna anayeweza kuzirudisha. Ukichoka na kambale wako, mpe mfugaji mwingine. Hapana kumtupa mtoni.