Yai, mshumaa na galaksi

Jana usiku umeme ulikatika bwenini, nikabaki na mshumaa na yai la kuchemsha. Ukiligeuza, kivuli ukutani mara duara, mara kirefu. Na yai ni lilelile!

Galaksi za duaradufu ndiyo hivyohivyo: tunaziona upande mmoja tu. Mwaka 1926 Edwin Hubble alizipanga, E0 za mviringo hadi E7 zilizobanwa sana, kwa sura ya kwenye picha. Wengi wakaamini zimebonyea kama chungwa kwa sababu zinazunguka.

Karibu miaka hamsini baadaye, 1975, Bertola na Capaccioli wakapima mwendo wa NGC 4697: inazunguka polepole kuliko ilivyotarajiwa! Illingworth akapima 13 mwaka 1977, hadithi ileile. James Binney akasema huenda urefu, upana na kimo vyote havilingani.

Mwaka 2011 mradi wa ATLAS3D ukaonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya duaradufu ilizopima zinazunguka vizuri na zimebonyea kweli. Zile za polepole, nyingi majitu, ndizo zinazomfuata Binney.

Kumbe picha haikutosha, ilibidi kupima mwendo. Yai nimeshakula. Usiku mwema!