Vyeti vya juzi na Profesa Kimambo

Juzi wahadhiri na wafanyakazi wetu wamepewa vyeti vya utumishi uliotukuka. Makofi kibao, soda moja moja. Mie akili yangu ilikuwa kwa Profesa Isaria Kimambo, aliyefariki 2018.

Kwa msiomjua: miaka ya 1960, wakati wasomi wengi wa Ulaya wakishikilia kwamba pasipo maandishi hakuna historia, yeye alirudi kwao Upare akaketi na wazee, akawauliza habari za koo, watawala na matambiko. Kikazaliwa kitabu cha historia ya siasa za Wapare tangu mwaka 1500 hivi hadi 1900. Kilitoka 1969. Mwaka huohuo yeye na Arnold Temu wakahariri A History of Tanzania (ndiyo, lile desa tunalogombania maktaba!). Hapa Mlimani alifundisha miaka mingi.

Sasa mimi Mpare. Babu alipokuwa akianza habari za ukoo, tulikuwa tunatoroka kwenda kucheza mpira. Ameshazikwa nazo. Jamani, inauma.

Bibi bado yupo. Boom likitoka tu napanda basi la Same, simu nimeshaifuta picha zote ili nipate nafasi ya kumrekodi.