Mama, usifute ujumbe: simu yako ni ushahidi

Hapa Kulesa mwanamke aliyeachwa bila matumizi huambiwa aende kwa Kadhi. Ni kweli: Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi kesi za ndoa, talaka na mirathi, iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikizwa huko. Lakini nauli iko wapi, na mto Tana ukifurika atapita wapi?

Machi 2024 Idara ya Mahakama ilitangaza kufungua kesi kwa mtandao kote nchini. Sheria zenyewe zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Kubwa zaidi ni ushahidi. Taarifa ya M-Pesa huonyesha mume alituma matumizi lini na akaacha lini. Ujumbe wa talaka una tarehe, na edda huhesabiwa kwa tarehe. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinakubali rekodi za kielektroniki zikiambatana na cheti cha kuzithibitisha.

Nimewasikia kina mama wakisema, "Nilifuta kwa hasira." Dada zangu, msifute. Pigeni picha cheti cha ndoa, na nakala moja mumpe ndugu mnayemwamini.